Mawese Ni Chakula

Kigwena, 11 Mei 2024

Zipora mwanangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu naiitikia leo kwa karatasi: marahaba. Mama yako Marcelina ananicheka. Anasema hakuna mtu mwingine Kigwena anayemwandikia barua mtoto aliye Bujumbura, ambako gari hufika asubuhi hiyo hiyo. Lakini simu yetu unaijua. Nikiongea nayo, nusu ya kamati ya chama chetu cha mawese inainama kusikiliza na nusu nyingine inajibu kabla yako. Nilipokuwa kambini Tanzania niliandika barua kwa kila jambo zito, na hili la leo ni zito kwangu kwa sababu ni la aibu. Venanti dereva atakuletea akipata esansi ya kutia kwenye gari lake.

Jambo lenyewe ni pipa lako la gesi, lile ulilotuundia ili tupike chikichi bila kuni. Siku ile ulipoliwasha mbele ya wageni kutoka ofisi ya komine, moto ukatoka, ukacheza kidogo, ukazimika, watu wakacheka, wewe ukasema ni hewa tu. Basi, tangu uondoke ni hewa tu mpaka leo. Tunajaza maganda ya mise, zile kokwa za chikichi, kama ulivyotufundisha, tunazungusha feni, gesi inatoka, lakini mwali wake ni mweupe na mnyonge. Sufuria la chikichi linakaa juu yake kutwa nzima, na jioni chikichi bado ngumu, hazikamuliki. Walinzi wa msitu hawaturuhusu hata kijiti, kwa hiyo kina mama wamerudi kununua kuni za Bugarama. Jovita, unamjua mdomo wake, amewaambia watu kwamba pipa la Zipora linapumua kama mgonjwa.

Mimi ndiye mwenyekiti, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya chama kizima nikasema binti yangu amesoma. Sasa nikipita penye mashinikizo ya kukamulia mafuta nageukia upande wa ziwa, kana kwamba nina kitu cha kutazama huko. Kama kuna dawa, niambie. Kama hakuna, niambie pia, nilifanye pipa la maji tusahau pamoja.

Baba yako,
Leonidasi

*

Bujumbura, 15 Mei 2024

Baba,

Shikamoo, na kwa Mama pia. Mwambie Jovita nimesikia na kwamba safari hii kasema kweli. Pipa ni mgonjwa, ila ugonjwa wake naujua.

Maganda ya mise hayana kosa. Kosa liko kwenye hewa tunayolipulizia. Hewa hii tunayovuta, sehemu kubwa yake ni naitrojeni, na naitrojeni haiungui. Inaingia pipani ikiwa baridi, inajipasha kwa moto wetu, kisha inatoka imejichanganya na gesi yetu na kuifanya hafifu. Ni kama mgeni anayekula vizuri asiyeshika hata jembe. Tukiongeza oksijeni kwenye hewa ya feni, yule mgeni anapungua. Ndani ya pipa panakuwa na joto zaidi, ile lami nyeusi inayoziba mabomba inaungua, na gesi inayotoka ina nguvu ya kuchemsha sufuria lako kabla ya saa sita mchana.

Nasema kuongeza kidogo tu. Mkizidisha, wavu wa chini utayeyuka na majivu yatagandamana kuwa jiwe.

Mwenye karakana ninakofanya kazi ameniazima mtungi mmoja wa oksijeni, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ni kwa jaribio tu. Likifaulu tutatafuta mashine ya kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa, tuachane na mitungi. Nampa Venanti aulete, pamoja na mano yake, kile kifaa chenye saa mbili za kupimia mgandamizo kinachofungwa mdomoni mwa mtungi.

Sasa nisikilize, Baba, ingawa najua hupendi kufundishwa na mtoto. Mtungi usimame wima, ufungwe kamba. Ufunguliwe polepole. Na mafuta ya aina yoyote yasiguse mdomo wake wala nati ya mano. Si grisi, si mafuta ya baiskeli, si mawese. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti. Najua huko kwenu hakuna mkono usio na mawese, kwa hiyo atakayefungua anawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko na avae shati lililofuliwa. Wasomee watu wote maneno haya.

Ningekuja mwenyewe, ila kazi ni nyingi.

Binti yako,
Zipora

*

Kigwena, 21 Mei 2024

Zipora mwanangu,

Mtungi umefika salama. Venanti aliufunga kamba nyuma ya kiti chake na kila tuta la barabarani aligeuka kuutazama, abiria wakadhani amebeba bibi harusi. Murakoze, asante sana, na mwenye karakana mshukuru.

Alhamisi ndiyo siku yetu. Maneno yako nimeyasoma mbele ya chama kizima, kwa sauti. Atakayefungua ni Yonasi. Huenda humkumbuki: ni yule bwana mrefu wa Bugarama anayeshika shinikizo kubwa, aliyemwoa Chanceline mwaka jana. Mkono wake ni mtulivu na hana haraka. Nimewaalika hata wachuuzi wa Rumonge wanaonunua mawese yetu, waje waone.

Hawatacheka mara hii. Kaa huko huko na kazi zako, makofi utayasikia.

Baba yako,
Leonidasi

*

Bujumbura, 25 Mei 2024

Baba,

Venanti ameniambia. Nimepiga simu tangu jana, inaita na hakuna anayepokea. Mama alipokea mara moja akalia, simu ikakatika.

Anasema Yonasi aligusa tu mtungi, moto ukamrukia. Anasema mikono yote miwili imeungua na uso pia, na kwamba yuko hospitali Rumonge. Baba, ni kweli? Macho yake je? Anaona?

Sijalala. Nimerudia hesabu zangu zote za hewa na oksijeni, na sioni nilipokosea, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu aliyekosea bila kujua atakosea tena. Leo asubuhi nimemwambia mwenye karakana asinipe tena kazi ya mitungi. Nafagia. Nikiona mwenzangu anafungua mano, natoka nje.

Nieleze kila kitu, tafadhali. Nani alifunga mano? Moto ulianzia wapi, pipani au mtungini? Na mwambie Yonasi kwamba kama ni mimi niliyemuunguza, sitajificha.

Zipora

*

Kigwena, 29 Mei 2024

Zipora mwanangu,

Nisamehe kwa simu. Tuna watu wengi wanaokuja kutupa pole, na kila mmoja anataka asimuliwe upya.

Yonasi yu hai na anaona. Mikono ndiyo imeumia zaidi, imefungwa bendeji mpaka juu. Moto ulitoka mdomoni mwa mtungi alipofungua, ukazima wenyewe. Pipa lako halikuguswa. Kwa hiyo acha kufagia, rudi kwenye kazi yako. Hukumuunguza mtu. Ajali ni ajali, na Mungu ndiye anayejua.

Kamati imekaa bila mimi, nilikuwa na homa. Wanasema Yonasi hakunawa mikono kama alivyoagizwa, na kwamba maneno yako yalisomwa mbele ya wote, kwa hiyo hana pa kujitetea. Wanataka nafasi yake kwenye shinikizo apewe mwingine. Unajua kwamba asiye na nafasi kwenye shinikizo hana mgao wa mafuta, na Yonasi hana shamba. Uamuzi ni Jumapili ya tarehe kumi na sita, baada ya ibada. Mimi sijasema neno.

Usije sasa hivi. Watu wana maneno mengi. Acha kwanza yapoe.

Baba yako,
Leonidasi

*

Bujumbura, 5 Juni 2024

Baba,

Nilikuja. Nilishuka Rumonge, nikaenda hospitali, nikarudi Bujumbura siku hiyo hiyo bila kufika nyumbani. Mwombe Mama anisamehe. Sikuweza kupita mbele ya mashinikizo.

Yonasi alinitambua kabla sijajitaja. Uso unapona, ngozi mpya imeanza kutoka. Mikono sikuiona, niliona bendeji tu. Nilimuuliza ilikuwaje. Akatazama ukutani akasema: "Ni mimi, dada. Sikunawa. Weye hauna kosa." Nikamuuliza tena, akarudia maneno yale yale, kama mtu aliyeyakariri.

Nilipotoka Chanceline alinifuata mpaka kwenye kamba ya nguo. Akaniambia: "Alinawa. Nilimwagia maji mimi mwenyewe, kwa sabuni, mpaka huku juu. Na shati nilikuwa nimelifua. Wanamuonea bure." Kisha akarudi ndani, hakutaka nimjibu.

Venanti alinirudishia ile mano. Nimeifungua mezani. Saa zake ni nzima, bomba la kwenda pipani ni zima. Palipoungua ni ndani ya nati, kwenye nyuzi zake, pote kuzunguka, na masizi yamejaa humo. Mkono mchafu wa mtu anayefungua juu hauwezi kufika huko. Baba, kuna mtu alipaka mafuta kwenye nati kabla haijafungwa. Ni nani?

Kabla hujanijibu nikuambie langu. Nilipokuandikia kwamba kazi ni nyingi, haikuwa kweli. Juma lile karakana ilikuwa haina hata mteja wa kuziba tairi. Sikuja kwa sababu ya ile siku ya wageni wa komine, pipa lilipozimika na watu wakacheka. Niliogopa kusimama pale tena. Nikaona heri mtungi uende, mimi nibaki. Mtungi kama ule haupelekwi na dereva pamoja na karatasi. Nilipaswa kuja nao na kuufunga kwa mikono yangu. Kwa aibu ya kuchekwa nilimtuma mtu mwingine mahali pangu, na mtu huyo sasa hawezi kushika kijiko.

Hilo ndilo langu. Lako ni lipi?

Zipora

*

Kigwena, 8 Juni 2024

Zipora,

Barua yako nimeisomea nyuma ya nyumba. Mama yako ameuliza unasemaje, nimemwambia unasalimia.

Ni mimi.

Asubuhi ile ya Alhamisi tulikuwa wawili tu, Yonasi na mimi, watu hawajaja. Tulitaka kufunga mano mapema ili mbele ya watu ibaki kufungua tu. Nati ikagoma. Ilizunguka nusu ikashika, tukairudisha, ikashika tena. Nikawaona moyoni wale wachuuzi wa Rumonge wakifika na kunikuta nimekumbatia mtungi, nahangaika na nati kama mlevi na ufunguo wa mlango. Nikamsikia Jovita kabla hajafika. Unajua tunavyofanya hapa kitu kikigoma, iwe bawaba, mnyororo wa baiskeli au parafujo ya shinikizo. Nikachovya kidole kwenye kopo la mawese nikapaka nyuzi zote, ndani, pande zote. Ikaingia laini.

Yonasi aliniambia. Nataka ujue kwamba aliniambia. Alisema, "Mzee, Zipora alikataza." Nikamjibu, "Yonasi, haya tunawapikia watoto. Mawese ni chakula. Zipora anaogopa grisi za gereji." Na nilijua umeandika mawese, kwa jina lake, maana mimi ndiye niliyelisoma mbele ya watu. Nilipolisoma nilikucheka moyoni. Nilijiambia, mtoto amekaa mjini mpaka anaogopa mawese. Yonasi akanyamaza, kwa sababu mimi ni mzee na ni mwenyekiti. Akaenda kwa mkewe akanawa vizuri, kama ulivyoagiza. Akarudi akafungua.

Tangu siku ile sijakwenda kumwona. Homa niliyokuambia haikuwepo. Mara moja nilifika mpaka kwenye geti la hospitali na machungwa. Nikayaacha kwa mlinzi bila kusema ni ya nani, nikageuka. Kamati inamsema Yonasi mbele yangu nami natazama chini, wao wanadhani ni huzuni.

Ninaona aibu, mwanangu, mpaka chakula hakishuki. Uhamishoni tulikaa miaka, watu wakatuita wakimbizi mchana na usiku, na sikuinamisha kichwa. Leo nainamisha mbele ya mbuzi.

Nakuomba jambo moja. Hili libaki kati yetu wawili. Yonasi mwenyewe amenyamaza, hajanitaja. Nitamtunza kimyakimya, nitampa chikichi za shamba langu kila msimu, hatakosa kitu. Kwa umri huu wangu nikivuliwa heshima mbele ya watu, nitakuwa nani?

Baba yako

*

Bujumbura, 11 Juni 2024

Baba,

Nimesoma na nimelia. Sikuandika upesi kwa sababu barua ya kwanza niliyokuandikia nimeichana, haikuwa ya mtoto kumwandikia mzazi.

Haya yote umeniambia mimi. Mimi sikuungua.

Sitasema neno kwa kamati. Sitamshitaki baba yangu, na wewe unajua hivyo, ndiyo maana umeniandikia mimi na hukwenda kwa Yonasi. Lakini chikichi za kila msimu bila jina ni yale machungwa ya getini tena. Yonasi amebeba jina lako pamoja na vidonda vyake. Jumapili wakimtoa kwenye shinikizo ukiwa umekaa pale kwenye kiti cha mbele, utakuwa umemuunguza mara ya pili, na mara hii hutasema kwamba hukujua.

Umeuliza utakuwa nani. Sijui, Baba. Nami sijui mimi ni nani tangu siku ile. Ila naona bora tuulize hivyo tukiwa tumesimama mbele ya watu kuliko nyuma ya nyumba.

Nenda kwake kabla ya Jumapili. Kwanza yeye, halafu wao.

Mtoto wako anayekupenda,
Zipora

*

Rumonge, hospitalini, 17 Juni 2024

Zipora mwanangu,

Naanza na mkutano kwa sababu huo ulikuwa rahisi kuliko mengine. Nilisimama kabla hawajamtaja Yonasi nikasema: nati niliipaka mimi, Yonasi alinikataza, nikamnyamazisha, kisha nikawaacha mumseme. Kwanza walidhani namtetea. Ikabidi niseme tena na kopo lenyewe nilitaje. Hapo kelele zikaanza. Mmoja akaniambia kwamba ajali angenisamehe, ila kukaa kimya hawezi. Jovita, ambaye nilimwogopa kuliko wote, hakufanya mzaha hata mmoja. Ningefurahi kama angefanya. Uenyekiti wameuchukua, sasa ameushika Jovita. Nafasi ya Yonasi inabaki yake, na mgao wake unakwenda kwa Chanceline mpaka apone. Na pipa wanataka ulijaribu tena, kwa ile mashine ya kuchuja hewa, ila wamesema uwepo wewe mwenyewe. Mama yako alitoka kwenye mkutano kabla haujaisha. Nilipopita nyumbani kuchukua nguo hakunisemesha. Aliniwekea chakula akaondoka.

Sasa la Jumamosi.

Niliingia wodini mchana. Chanceline alikuwa anamlisha. Aliniona mlangoni, hakunisalimia, akaendelea kumega ugali. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, na wagonjwa wa vitanda vya pembeni wote wakageuka kusikiliza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kigwena. Yalikwisha upesi kuliko nilivyodhani.

Yonasi akasema: "Mzee, hiyo si habari kwangu. Nilikuwepo. Mimi nilikuwa nangoja uje unisalimie tu. Kila jioni nilikuwa naangalia mulango."

Nikamuuliza kwa nini alijisingizia. Akasema, "Ningesema nini, na weye mwenyewe umenyamaza?"

Chanceline akainuka. Akachukua sahani akaniwekea mapajani. "Kila siku ni mimi namulisha," akasema. "Leo mulishe weye. Mimi naenda kufua." Akaondoka kweli.

Nikamega tonge. Kidagaa cha ndagala kikaanguka kwenye shuka, nikakiokota, nikamega tena. Yeye alikuwa amefungua mdomo, anangoja. Zipora, kelele za mkutano nilizivumilia. Lakini mwanaume mzima kukufungulia mdomo umlishe, kwa sababu mikono yake umeiunguza wewe, hilo sikuwa na mahali pa kuliweka. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama tonge, na mdomo, na tonge, mpaka sahani ikaisha. Nikamfuta kidevu. Nikainuka nichukue kofia yangu.

Akasema, "Mzee, jioni Chanceline anabaki na mama yake, ni mugonjwa. Utakuwepo?"

Nikasema nitakuwepo. Jumapili niliaga nikaenda mkutanoni, jioni nikarudi, na leo asubuhi nimempa uji. Anapenda uwe mwembamba, sikujua. Bado hatuongei sana. Wauguzi wanadhani mimi ni baba yake, na hakuna kati yetu aliyewasahihisha, ingawa mimi kila wakisema nasikia joto masikioni.

Ukiandika, barua usipeleke Kigwena. Mwambie Venanti anishushie hapa, wodi ya wanaume, kitanda cha Yonasi. Niko hapo mpaka wafungue mikono yake.

Baba yako,
Leonidasi